Rangi ya ndama humkana baba, haimthibitishi

Ng'ombe mweusi mwenye mabaka meupe amehimilishwa kwa mbegu ya dume la Friesian, aina ya ng'ombe wa maziwa, kisha anazaa ndama mwekundu. Papo hapo mhimilishaji, yaani mtaalamu aliyempandikiza mbegu hiyo kwa mrija, anaitwa tapeli. Malalamiko haya nimeyasikia wilayani Hai, nimeyasikia Rungwe, na mara nyingi anayelaumiwa hana kosa.

Friesian mweusi anaweza kubeba wekundu asiouonyesha. Ndama hurithi nakala moja ya rangi kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, na ya weusi huifunika ya wekundu. Wazazi wote wawili wakiwa na wekundu uliojificha, kila ndama wao ana nafasi 1 kati ya 4 ya kutoka mwekundu. Ndama huyo ni Friesian halali, na maziwa yake hayatapungua kwa sababu ya rangi.

Sasa geuza hesabu. Mama mwekundu wa kweli akizaa ndama mweusi tititi, weusi huo umetoka kwa baba, kwa hiyo dume jekundu la jirani halihusiki. Hapo rangi inasema jambo la uhakika. Lakini mama mwekundu akizaa ndama mwekundu, bado hujajua kitu: dume jekundu linawezekana, na jeusi lenye wekundu uliofichika linawezekana pia. Ndiyo maana nasisitiza kwamba rangi ina uwezo wa kumwondoa mtuhumiwa, si wa kumtaja baba.

Mabaka ndiyo yanayopotosha zaidi. Mfugaji anayempandisha ng'ombe wa asili kwa Friesian hutarajia ndama wa madoa, kumbe mabaka ya Friesian hufifia sana kwa chotara wa kwanza. Ndama huyo mara nyingi huwa na rangi moja, labda na weupe kidogo tumboni na kwenye kiwele. Uso mweupe ni kinyume chake: ng'ombe wa aina ya Hereford na Simmental huurithisha hata kwa chotara, kwa hiyo ukiuona kwa ndama ambaye mama yake hana, ulizia kama kuna dume la namna hiyo karibu.

Usihukumu siku ya kwanza. Wengi wa ng'ombe wa asili wa kijivu huzaliwa na wekundu kisha hubadilika, na rangi za kahawia nazo hukolea kadiri mnyama anavyokua. Kwa ng'ombe hawa, hata kahawia iliyokolea sana isihesabiwe kuwa ni weusi.

Pembe husaidia kuliko watu wanavyodhani. Kutokuwa na pembe hushinda kuwa nazo, kwa hiyo mama mwenye pembe akizaa ndama asiyeota pembe kabisa, baba naye alizaliwa hivyo. Ila hakikisha: madume mengi ya maziwa huonekana hayana pembe kwa sababu yalichomwa vichipukizi yakiwa madogo.

Kabla ya yote hayo, mimi huomba tarehe. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283, ikizidi au kupungua kwa siku 10 hivi, na kwa asiye na mimba, joto (hamu ya kupandwa) hurudi kila baada ya siku 21 hivi. Ng'ombe aliyehimilishwa Machi 1 hutarajiwa kuzaa karibu na Desemba 9. Kama alirudi kwenye joto Machi 22 na fahali akampanda, tarehe husogea hadi Desemba 30. Akizaa Desemba 28, jibu unalo kabla hujatazama ngozi ya ndama.

Kwa binadamu tunasema kitanda hakizai haramu. Kwa ng'ombe, baba lazima ajulikane, kwani mtamba akipandwa na baba yake mwenyewe, kasoro zilizojificha kama ule wekundu hupata nafasi ya kujitokeza, na baadhi huua.

Ng'ombe akihimilishwa na kupandwa katika joto lilelile, tarehe haitakusaidia. Kinachobaki ni kipimo cha vinasaba. Ng'oa singa 20 hadi 30 za mkia wa ndama pamoja na mizizi yake, usizikate, maana kinachopimwa kimo kwenye mzizi. Fanya hivyo kwa mama na kwa kila dume linaloshukiwa, kila mnyama na bahasha yake ya karatasi iliyo kavu, iliyoandikwa jina. Na mhimilishaji akimaliza kazi, mwombe mrija mtupu wa mbegu: namba ya dume imechapwa juu yake. Andika tarehe, uubandike kwenye daftari.