Azola na mbolea ya fosfati: maneno ya majarubani na ukweli wake

"Azola inajitengenezea mbolea, haidai kitu." Hilo utalisikia sana pembeni mwa majaruba ya mpunga ya Bahi, Dodoma, ambako azola, kangaga mdogo anayeelea majini, hufukiwa topeni kuwa mbolea ya mpunga. Kumbe anayenasa naitrojeni ya hewani si kangaga huyu wa majini mwenyewe, ni sainobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) wanaoishi ndani ya vishimo vya majani yake. Na kazi yao inakula nishati kweli kweli: kunasa molekuli 1 ya naitrojeni kunagharimu molekuli zisizopungua 16 za ATP (kibeba nishati ndani ya chembe hai), na ATP haiundwi bila fosforasi. Maji yakikosa fosforasi, azola inadumaa na naitrojeni inayonaswa inapungua, ingawa hewa ina naitrojeni asilimia 78.

"Nilishaweka DAP wakati wa kupandikiza, azola itajipatia humo humo." DAP ni mbolea ya dukani yenye fosfati na naitrojeni, na hapa ndipo wengi wanapopoteza hela. Mizizi ya azola inaning'inia majini. Fosfati (fosforasi iliyomo kwenye mbolea) iliyofukiwa topeni inashikwa na udongo, na anayeifaidi ni mpunga. Isitoshe, DAP ina naitrojeni asilimia 18. Azola ikikuta naitrojeni ya bure majini, inalegeza unasaji. TSP, mbolea nyingine ya fosfati, haina naitrojeni, kwa hiyo inafaa zaidi. Unga wa mwamba wa fosfati wa Minjingu nao unayeyuka polepole, hasa penye udongo wa magadi. Usiutegemee ufanye kazi ndani ya wiki.

Basi nimwage TSP yote siku moja? Hapana. Utalisha mwani, na inayobaki itazama topeni. Nyunyiza kidogo kidogo kila wiki.

"Ikiwa nyekundu imekufa." Si lazima. Jua kali la Dodoma pekee linaweza kuipaka wekundu. Chota kiganja uiangalie: majani yakiwa madogo, mizizi mirefu imesokotana, shuku upungufu wa fosforasi. Tenga beseni moja, tia punje chache za TSP zilizosagwa, halafu linganisha na beseni lisilotiwa kitu.

Wapo pia wanaoamini mpunga unanyonya naitrojeni wakati azola bado inaelea. Unapata kidogo sana. Sehemu kubwa imefungwa ndani ya mmea, na inatoka azola ikishaoza, ndani ya wiki chache. Kwa hiyo ikishatanda, punguza maji, uikanyagie topeni kabla jaruba halijakauka, ukibakiza kidogo ya mbegu penye maji.