Kilo ya choma ni kilo mbichi

Kwenye nyama choma, kilo maana yake ni uzito wa nyama mbichi pamoja na mfupa wake, kama ulivyosomeka kwenye mizani ya bucha kabla nyama haijapanda wavuni. Ukiagiza kilo mbili za mbuzi Kenyatta Market jijini Nairobi, au Kikopey kwenye barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, unalipia hizo kilo mbili mbichi. Kitakachofika mezani juu ya ubao kitakuwa pungufu sana, na hapo ndipo mgeni wa choma huanza kunung'unika kwamba ameibiwa. Mara nyingi hajaibiwa. Hakuelezwa hesabu tu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Katika kilo moja ya mbuzi, mfupa huchukua gramu 200 hadi 250, kutegemea kipande. Zinabaki kama gramu 750 za nyama na mafuta. Nyama mbichi karibu robo tatu yake ni maji. Ikipata joto, nyuzi zake hukaza na kuyakamua maji hayo nje, na mafuta nayo yanayeyuka na kudondokea makaa. Kwa saa moja ya moto wa mkaa, kama theluthi ya hiyo nyama hupotea. Utakachotafuna ni takriban nusu kilo. Ukipenda nyama iive mpaka ikauke, na wako wengi wanaoipenda hivyo, utatafuna pungufu ya hapo.

Ndiyo maana wazoefu huhesabu nusu kilo mbichi kwa kila mtu mzima kama kuna ugali, na robo tatu kama hakuna. Watu wanne wenye ugali zitawatosha kilo mbili. Wakiwa sita na wamepanga kukaa mpaka usiku, ni afadhali waanze na tatu kisha waongeze moja baadaye, kuliko kuagiza nne kwa mpigo: choma ikikaa mezani mafuta yake yanaganda, na choma iliyoganda hairudi kuwa choma hata ukiipasha.

Kwa nini isipimwe ikiwa imeiva? Kwa sababu anayeuza kwa uzito wa nyama iliyoiva angekuwa na faida kubwa kuitoa mapema, ikiwa bado na maji yake yote, na mteja aliyetaka iliyoiva vizuri ndiye angekuwa hasara kwa muuzaji. Ikipimwa mbichi, mchomaji hana sababu ya kuharakisha. Halafu nyama mbichi unaiona: rangi, mafuta, mfupa na muhuri wa wino wa mkaguzi wa nyama uliopigwa kwenye mzoga. Muhuri huo uangalie. Mzoga unaoning'inia bila muhuri popote unatosha kukufanya uondoke.

Pale bucha, usiseme tu "nipimie kilo moja" ukaenda kukaa. Sehemu nyingi bei ya mbuzi ni moja kwa kilo, mguu uwe mguu, mbavu ziwe mbavu, kwa hiyo kipande unachochagua ndicho kinachoamua umepata nini kwa pesa zako. Mguu wa nyuma una nyama nyingi kuliko mfupa, lakini hauna mafuta mengi na hukauka haraka moto ukizidi. Mbavu zina mfupa mwingi na nyama nyembamba, ila utamu wa choma uko huko, kwenye mafuta yaliyoshika mfupa. Mkono uko katikati. Ukiwa na kilo mbili, mguu kilo moja na nusu na mbavu nusu ni mchanganyiko mzuri: wenye njaa wanashiba, na wenye kupenda kung'ata mfupa nao wanapata chao.

Mtazame na mbuzi mwenyewe. Nyama ya mbuzi mdogo ina wekundu mpole na mifupa yake ni myembamba. Ya mzee imeiva rangi, imekuwa kama damu ya mzee, na mifupa ni minene. Beberu ambaye hakuhasiwa ana harufu ambayo chumvi wala ndimu haziiondoi. Aliyehasiwa akanoneshwa, ndafu, ndiye bora kwa moto, na si bure kwamba jina hilo limebaki kwenye harusi za Tanzania kumaanisha mbuzi mzima aliyechomwa akaletwa ukumbini.

Kuna jambo moja wachuuzi wengi hawalisemi: nyama iliyochinjwa asubuhi ikachomwa mchana huohuo inaweza kuwa ngumu hata kama mbuzi alikuwa mdogo. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na ikienda motoni katika hali hiyo inabaki imekakamaa. Nyama iliyolala usiku mmoja mahali pa baridi huwa imelegea. "Ya leo leo" inasikika vizuri masikioni, lakini kwa meno, ya jana ni bora, mradi ililala kwenye friji na si kwenye ndoano dirishani.

Mizani nayo isomwe. Iwe sifuri kabla nyama haijawekwa. Kama tayari inaonyesha gramu 50, sema hapohapo. Karatasi au sinia lisipimwe pamoja na nyama. Mizani ya biashara inatakiwa ikaguliwe na kupigwa chapa na mamlaka ya vipimo, ambayo kwa Tanzania ni Wakala wa Vipimo, kwa hiyo kuomba kuona stika si utovu wa adabu. Tabia iliyozoeleka zaidi kuliko mizani mbovu ni ya kusawazisha: kipande ulichochagua kinasoma gramu 850, muuzaji anachomoa kipande cha shingo au kigogo cha mfupa na kukitupia juu mpaka kilo itimie. Mwambie atimize kwa nyama ileile, au ulipie hizo 850.

Kisha nyama inaondoka kwenda jikoni, na wengi hawajui kwamba hapo inaweza kubadilika. Siku ya Jumamosi, nyama za meza kumi ziko juu ya wavu mmoja. Mchomaji makini huweka kijiti, waya au kibati chenye namba. Usipoona alama yoyote, kumbuka umbo la kipande chako: mguu wa kushoto, mbavu sita, goti limekatwa au halijakatwa. Uliza pia kama kuchoma kumo kwenye bei. Kwa kawaida kumo, lakini ziko bucha zinazouza nyama na kumwachia mtu mwingine jiko. Na mara nyingi bucha, jiko na baa ni mali za watu tofauti hata kama paa ni moja. Ndiyo maana nyama inalipiwa huku na vinywaji kule, na mhudumu wa baa hawezi kukujibu kwa nini mbuzi amechelewa.

Kuhusu kuchelewa: mbavu zinahitaji dakika 35 hadi 45, mguu mzima saa moja na zaidi kidogo. Choma iliyofika baada ya dakika 15 haikuanza kuchomwa ulipoagiza. Ama ilichemshwa kwanza, ama ilichomwa nusu asubuhi ikawekwa kando. Ukiikata utaitambua: ndani ni kijivu kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, nyuzi zinaachana kama kamba, na hakuna unyevu unaotoka ubaoni. Iliyofungwa kwenye foili ni habari nyingine. Hiyo ni laini kweli, kwa sababu imeiva kwa mvuke wake yenyewe, ila haijaungua popote na haina moshi. Watoto na wazee wenye meno machache wanaifurahia. Tusiiite choma tu.

Choma yenyewe inahitaji mkaa uliokwisha kushika, umevaa majivu meupe, hauna ulimi wa moto. Ukiweka kiganja usawa wa wavu uweze kuvumilia sekunde nne au tano kabla ya kukitoa. Chini ya hapo moto ni mkali mno, juu ya hapo utakausha nyama kabla haijaungua. Mbavu zinalazwa upande wa mfupa kwanza, na zikae hapo kwa sehemu kubwa ya muda, maana mfupa unapitisha joto pole pole na kuikinga nyama. Mguu unageuzwa kila baada ya dakika kumi hivi. Mafuta yakidondoka, moto unaruka, na moshi mweusi wa mafuta hayo ndio unaoacha masizi machungu juu ya nyama. Mchomaji mzuri huisogeza nyama pembeni moto upungue, wala haumwagii maji na kurusha majivu. Anachonyunyiza ni maji ya chumvi kwa fundo la majani au brashi, kama vijiko viwili vya mezani katika lita moja, na anafanya hivyo mwishoni. Chumvi ikiwekwa dakika chache kabla ya moto, inavuta maji ya nyama nje, na tumeshaona maji hayo yana thamani gani.

Ikishatoka, inapaswa kupumzika dakika tano hadi kumi. Tazama ubao anapokata mbele yako: kama mara kisu kinapopita maji mekundu yanatiririka mpaka ukingoni, imekatwa mapema na utamu umebaki kwenye mbao. Mwambie pia ukubwa wa vipande unaoutaka. Vidogo vinapoa upesi, vikubwa vinashika joto lakini vinahitaji meno. Chumvi ya kuchovya inawekwa pembeni ya ubao, kifungu kidogo.

Kachumbari ya kulia kilo mbili za nyama: nyanya nne ngumu, vitunguu viwili vilivyokatwa vyembamba na kuoshwa kwa chumvi ili ukali upungue, dania kiganja kimoja, pilipili mbichi, ndimu moja. Chumvi na ndimu ziingie mwisho kabisa, inapoelekea mezani. Kachumbari inayoogelea kwenye maji yake ilitengenezwa saa nyingi zilizopita. Wakati wa kusubiri, sehemu nyingi huleta kikombe cha supu ya mifupa. Ipokee, maana ndiyo njia ya mfupa wa wateja wote kurudi mezani.

Bia haina siri kubwa. Utaulizwa "baridi au ya moto?", na ya moto maana yake ni ile isiyotoka kwenye friji tu. Baridi kali hufanya ulimi ufe ganzi, kwa hiyo wanaoagiza ya moto pamoja na choma wana sababu yao. Chupa ya kawaida ni mililita 500. Ifunguliwe mbele yako, na chupa tupu zibaki mezani mpaka mlipe, kwani ndizo risiti yenu.

Sasa dhana hii ya kilo imeanza kubadilika sura. Kwenye baa mpya za bia za viwanda vidogo, hukuti ndoano wala mizani. Menyu inaandika "mbavu gramu 400" na bei. Gramu hizo nazo kwa desturi ya migahawa ni za nyama mbichi, na mfupa umo, kwa hiyo tarajia kula kama gramu 200. Kama menyu haijasema, uliza: ni kabla ya moto au baada, na mfupa upo? Bia za huko nazo zinaendana na nyama kwa namna yake: ile chungu yenye hopsi nyingi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, hukata mafuta ya mbavu, na nyeusi ya shayiri iliyokaangwa inakubaliana na sehemu zilizoungua. Kwa bia ya bomba, tafuta mstari wa kipimo kwenye glasi. Bia ifike kwenye mstari, povu likae juu yake. Glasi isiyo na mstari, iliyojaa povu vidole vitatu, imekupunja kama bucha iliyotimiza kilo kwa mfupa wa shingo.

Ukivuka kwenda Tanzania, kilo inabaki mbichi lakini lugha inahama kidogo. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kinaagizwa "nusu na ndizi mbili", na lazima useme kikavu au rosti. Rosti inakuja na mchuzi, na mchuzi huo unaficha upungufu ambao kikavu kinauonyesha wazi. Kuku hauzwi kwa kilo bali kwa robo, nusu na mzima, na mishkaki kwa kijiti, kwa hiyo hapo macho yako ndiyo mizani. Kwenye mnada wa Msalato nje ya Dodoma, ambako mifugo na moto viko uwanja mmoja, simama karibu na jiko uliloagizia mpaka nyama yako itoke.