Si lazima daktari akukataze

Ukikataa nyama mezani, swali huja papo hapo: "Daktari kakukataza?" Wengi huamini mtu haachi nyama, maziwa na mayai ila kwa maradhi, dini au kuiga mambo ya intaneti. Sivyo. Wapo wanaofika huko kwa kusoma na kuipima dhamiri yao.

Mtazame Mahatma Gandhi, kiongozi wa kupigania uhuru wa India. Alilelewa katika nyumba isiyokula nyama, lakini ujanani aliila kwa siri, akiamini ndiyo iliyowapa Waingereza nguvu za kuitawala India. Alipokwenda London mwaka 1888 kusomea sheria, alijizuia kwa sababu moja tu: alikuwa amemwapia mama yake kwamba hatakula nyama. Akawa anashinda njaa, akizunguka mitaani kutafuta mkahawa wa kumfaa. Alipoupata, mtaa wa Farringdon, aliona karibu na mlango, nyuma ya kioo, kitabu cha mwandishi Mwingereza Henry Salt kilichotetea chakula kisicho na nyama. Akakinunua kwa shilingi moja. Baada ya kukisoma, hakujizuia tena kwa ajili ya kiapo, aliamini mwenyewe. Kwangu mimi uzito uko hapo: sahani ilibaki ileile, kilichobadilika ni sababu.

Neno la Kiingereza vegan, yaani mtu asiyekula chochote kitokacho kwa wanyama, lilibuniwa baadaye sana, mwaka 1944, na Mwingereza Donald Watson na wenzake. Lakini Gandhi alikuwa ameacha hata maziwa mwaka 1912, akiwa Afrika Kusini. Na kwake ugonjwa ulifanya kinyume na wanavyodhani watu: ndio uliomrudisha kwenye maziwa, ya mbuzi, na jambo hilo lilimuuma sana.