Mzee akivunjika ubavu, mtazame miguu

Mzee akiletwa kwangu ameshika ubavu, humuuliza kwanza alivyoanguka. Mara nyingi kisa chenyewe ni kifupi: aliteleza bafuni akajigonga kwenye sinki, au matatu iling'oka stejini kabla hajashika chuma. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Nairobi, na kisa kifupi namna hiyo hunitia wasiwasi kuliko ajali ya pikipiki. Kwa nini pigo dogo lilitosha?

Wanaume wengi hudhani udhaifu wa mifupa ni shida ya akina mama. Nchini Marekani, utafiti wa MrOS, unaohusu kuvunjika kwa mifupa ya wanaume wazee, uliandikisha wanaume karibu 6,000 wa miaka 65 na zaidi, kati ya 2000 na 2002, ukawafuatilia kwa miaka. Ukiacha uti wa mgongo, mbavu ndizo zilizoongoza kwa kuvunjika, na karibu nusu ya mivunjiko hiyo ilitokana na kuanguka tu mtu akiwa amesimama, au kutoka chini ya hapo. Umri wa miaka 80 na kuendelea, mifupa hafifu na kuwahi kuvunjika mbavu viliongeza hatari. Vilevile tabu katika shughuli za kila siku: kutembea mwendo mfupi, kupanda ngazi 10, kwenda dukani, kupika, kazi nzito za nyumbani.

Sasa muulize mzee wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi kama anapata tabu kupika. Atakujibu kwamba mama yuko, na wakaza wana wapo. Nguvu zake bado huzijui. Ndiyo maana humwambia, "Mzee wangu, kunja mikono kifuani, uinuke kitini na kuketi mara 5." Akipita sekunde 15, miguu imeishiwa nguvu, na miguu ndiyo ingemzuia asianguke alipojikwaa.

Eksirei ya kawaida hukosa mivunjiko mingi ya mbavu, kwa hivyo "picha iko sawa" isiwafanye mpuuze maumivu yake. Na tafadhali, msimfunge leso kifuani! Nawaomba sana. Kifua kikibanwa hapumui vizuri, akiogopa kukohoa makohozi hukaa mapafuni, na nimonia ndiyo inayowamaliza wazee. Apewe dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari, avute pumzi ndefu mara kwa mara mchana kutwa, akumbatie mto anapokohoa. Akihema kwa shida, akipata homa au akitema damu, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Ubavu hupona kwa wiki 6 hivi, na hapo familia nyingi huona mambo yamekwisha. Lakini katika utafiti huo, waliowahi kuvunjika mbavu walikuwa na hatari angalau maradufu ya kuvunjika tena mbavu, nyonga au kifundo cha mkono, na wachache tu walipewa dawa za mifupa. Kwa hivyo maumivu yakitulia, mrudisheni kwa daktari, mkaulizie kipimo cha uimara wa mifupa, na mazoezi ya kuinuka kitini yaanze wiki hiyo hiyo, mtu akiwa kando yake.