Adagio ya Albinoni haikutungwa na Albinoni

Kwarteti ya nyuzi, yenye fidla mbili, viola na selo, inapopiga muziki wenye ladha ya enzi ya Baroki (takriban 1600 hadi 1750), huenda ikapiga Adagio, yaani kipande cha muziki cha mwendo wa polepole, ambayo wengi huamini ni kazi ya Tomaso Albinoni, mtunzi wa Venice aliyezaliwa mwaka 1671 na kufariki mwaka 1751. Sivyo. Ilichapishwa mwaka 1958, na aliyeiandika ni Remo Giazotto, mwanazuoni Mwitalia aliyekuwa ametunga pia wasifu wa Albinoni.

Giazotto alieleza kwamba aliijenga juu ya kipande cha hati kilichotoka katika maktaba ya Dresden, mji wa Ujerumani ulioteketezwa kwa mabomu mwaka 1945, na kwamba kipande hicho kilikuwa na mstari wa besi pamoja na vijisehemu vichache tu vya melodia; hata hivyo, hakukichapisha, na baadaye alisema kazi yote ni yake. Kwa kweli, huzuni nzito ya Adagio hiyo inayopanda polepole hadi kileleni haifanani sana na konsheto za Albinoni (tungo za ala zinazoongoza pamoja na okestra), ambazo kwa kawaida ni nyepesi zaidi. Hata kwarteti yenyewe hupiga mpangilio mwingine, kwa kuwa Giazotto aliiandikia ala za nyuzi pamoja na kinanda cha kanisani.