Mtoto, baiskeli na helmeti: maswali ya wazazi wa Mwanza

Jumamosi iliyopita, kwenye mteremko wa Bwiru, nilipishana na mtoto wa miaka kama tisa juu ya baiskeli ya mtu mzima. Kiti hakifikii, kwa hiyo mguu mmoja ameupenyeza katikati ya fremu. Nyuma kwenye karia kuna ndoo ya dagaa. Breki yake ni kandambili, anaiburuza lami. Kichwani hana kitu. Maswali haya wazazi huniuliza mara kwa mara, na ningetamani mwenye mtoto yule ayasome.

Ni kweli kuna nchi zinazowalazimisha watoto kuvaa helmeti?

Zipo. Jimbo la Victoria kule Australia, lenye jina sawa na ziwa letu, lilianza Julai 1990, mkubwa kwa mdogo. New Zealand ikafuata mwaka 1994. Sweden inawabana walio chini ya miaka 15 tangu 2005. Ufaransa ilianza Machi 2017 kwa walio chini ya miaka 12, hata akiwa amepakiwa tu, na faini ya euro 135 anatozwa mtu mzima aliyempakia au anayeongozana naye. Hilo nalipenda: mtoto hajinunulii helmeti. Huku kwetu, helmeti ambayo trafiki anaiulizia ni ya bodaboda.

Kofia ya plastiki itamsaidia nini akigongwa na fuso?

Fuso likimkanyaga, haitamsaidia, na haizuii ajali. Lakini watoto wengi huanguka wenyewe, kwenye shimo, mchanga au jiwe, na miamba ya Mwanza unaijua. Kazi haifanywi na ile plastiki ya juu. Inafanywa na povu gumu jeupe la ndani, la aina ya lile la maboksi ya minofu ya sangara. Kichwa kikigonga, povu linabonyea na kulimeza pigo kabla halijafika kwenye fuvu na ubongo. Uchambuzi wa mwaka 2016, uliokusanya waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 walioumia, ulikuta kuwa kwa aliyevaa uwezekano wa kuumia vibaya kichwani hupungua kwa takriban asilimia 69.

Basi kwa nini wapo wanaopinga sheria hiyo?

Kwa sababu Australia ilipoanza kulazimisha, waendesha baiskeli waliohesabiwa barabarani walipungua, hasa vijana. Hoja hiyo siipuuzi. Baiskeli hapa ndiyo inayompeleka mtoto shule na kuleta maji nyumbani. Kumtoza faini mzazi ambaye dukani kwao helmeti ya mtoto haipo ni kumwonea. Kwa maoni yangu, zianze kupatikana kwa bei ya mwananchi, ndipo faini ifuate.

Nimvalishe ile ya bodaboda?

Hapana. Ni nzito kwa shingo yake na inacheza kichwani. Wala usinunue kubwa ili akulie, kama tunavyofanya kwa sare za shule. Ikae sawa juu ya paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ipite chini ya masikio na kufungwa kidevuni. Mwambie atikise kichwa, ikihama, haijamkaa. Ukinunua ya mtumba, igeuze utazame ndani: povu likiwa na ufa, iache.

Ameanguka, ameota nundu. Nimkande?

Si kwa maji ya moto, na usiisugue. Weka kitambaa cha maji baridi, kisha mwangalie siku hiyo na usiku wake. Akitapika tena na tena, akisinzia hata kumwamsha ni shida, akiongea mambo yasiyoeleweka, akipata degedege, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au damu au maji yakimtoka sikioni au puani, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Na helmeti aliyoanguka nayo usimvalishe tena, hata kama kwa nje inang'aa. Povu lililokwisha kubonyea halirudi.