Mwanafalsafa hufanya kazi gani?

Nafundisha falsafa hapa Arusha, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote halitoki darasani. Juzi fundi viatu aliyekuwa akinishonea soli aliniuliza ninasomesha nini, nilipomjibu, akakata uzi kwa meno na kusema, "Mwalimu, si kubishana tu huko?" Sikumlaumu, kwa kuwa mtaani "falsafa" ni kaulimbiu ya kampuni au msimamo wa mzee fulani, nasi wenye fani tumezidi kuandika mambo yasiyosomeka.

Nilimpa mfano wa jengo la AICC, yaani Kituo cha Kimataifa cha Mikutano hapa Arusha, ambamo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, tarehe 2 Septemba 1998. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza kesi. Mkataba wa mwaka 1948 wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari unalinda makundi ya taifa, kabila, rangi na dini, nao majaji walieleza kwamba kabila ni watu wenye lugha au utamaduni mmoja. Kwa kipimo hicho, Watutsi na Wahutu, ambao wote huzungumza Kinyarwanda, wangekuwa kundi moja, na kosa lenyewe lingekosa mahali pa kusimama. (Neno letu "kimbari" limetokana na mbari, yaani ukoo, nalo halisaidii sana.) Majaji wakarejea nia ya walioandika mkataba, wakaona kwamba uliwalenga watu wa makundi ya kudumu ambayo mtu huwamo kwa kuzaliwa, tena wakazingatia vitambulisho vya Rwanda vilivyotaja kabila la kila mtu.

Waliofanya hivyo ni wanasheria, lakini mwendo ni uleule wa Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alipomuuliza Mgiriki mwenzake Euthyphro maana ya uchaji Mungu: fasili hutolewa, hutafutiwa mfano unaoikataa, kisha hurekebishwa au hutupwa. Mimi mwenyewe naona kigezo cha kudumu kina ufa, kwa sababu dini imo katika orodha ya mkataba, na watu hubadili dini kila siku. Mwaka 1999 jopo jingine la majaji wa mahakama hiyohiyo lilikubali kwamba kabila laweza pia kuwa kundi linalojitambua hivyo, au linalotambuliwa hivyo na wengine, wakiwemo watenda kosa. Hilo linaziba ufa na kufungua mwingine: je, muuaji ndiye atuambie marehemu alikuwa nani?

Fundi alisikiliza huku akipiga nyundo. "Mimi Mmeru," akasema, "mama watoto ni Mmachame, na watoto wanajua Kiswahili tu. Wao ni kabila gani?" Nikamwambia kwamba jopo la pili lingewauliza majirani wanawaitaje.

"Watoto wa fundi," akajibu, akanipa kiatu.